Binti yangu anataka kwenda Saudia, nilikofanya kazi mimi. Nimwambie nini?

Mama Mbaazi

Salaam wenzangu. Humu huwa nasoma na kupita tu, ila leo jambo limenifika kooni na sina mtu wa kumwambia ambaye hatalifikisha kwa mawifi zangu kabla ya Isha.

Nina binti wa miaka 17, kidato cha nne, mtihani mwezi wa kumi na moja. Jumamosi jioni nilikuwa nachambua mbaazi za kesho yake (nauza mbaazi na mahamri asubuhi hapa Likoni, njia ya kuteremkia ferini). Akaja akaketi mkekani, akanisaidia kidogo, halafu akasema: "Mama, ukinilipia pasipoti, sitakudai karo ya chuo." Kama mtu anayefunga biashara. Akanionyesha ukurasa wa nyuma wa daftari lake la Kemia. Upande mmoja ameandika pasipoti 7,550, cheti cha tabia njema 1,050, nauli za kwenda na kurudi mjini. Upande wa pili riyali 900 mara miezi 24, ni 21,600. Akazidisha kwa shilingi 34 za kila riyali. Jibu amelipigia mstari mara mbili: 734,400.

Nikaitazama ile hesabu mpaka mbaazi zikanimwagikia. Hakuna mahali ametoa kitu. Hesabu yote ni kuzidisha.

Huyu mtoto mwaka jana alikuwa anataka uuguzi. Alishajua hata chuo cha tiba cha KMTC cha Msambweni kinataka alama ya C kwa diploma, na alikuwa anaifukuzia hiyo C. Sasa anasema uuguzi ni miaka mitatu ya karo, kisha ukae nyumbani na cheti, ilhali mimi mamake sikuwa na cheti chochote na nimejenga.

Hapo ndipo penye mwiba. Ni kweli nimejenga. Niliondoka Januari 2018 kwenda kazi za nyumbani Saudia, miezi michache baada ya ile marufuku ya 2014 ya wafanyakazi wa nyumbani kwenda Uarabuni kuondolewa, nikafanya mikataba miwili, nikarudi mwisho wa 2022. Nina vyumba vitatu na sebule Ng'ombeni, bati la rangi ya damu ya mzee, mlango wa chuma. Binti huyu alibaki na mamangu akiwa na miaka kumi, nikamkuta ameshavunja ungo.

Alichokiona yeye ni pesa kuingia kwenye simu ya bibi yake na ukuta kupanda. Na picha. Nina picha moja nimesimama kando ya gari la bosi, mlango uko wazi, nimevaa miwani ya binti wa madam. Tulikuwa tumepelekwa jangwani kuchoma nyama, na mimi ndiye niliyekuwa nimebeba makaa. Picha ilipigwa kwa kuwa yule binti alikuwa anajaribu simu mpya. Mamangu aliikuza akaitundika sebuleni, iko pale mpaka sasa, na kila mgeni huonyeshwa.

Sikuwahi kumwambia binti yangu mahali nilipokuwa nalala. Nyumba ya kwanza, mji wa Buraidah, ilikuwa na watu kumi na mmoja, nami nalala chumba cha kufulia, kichwa kwenye mashine. Ramadhani nilikuwa naweka kichwa chini baada ya alfajiri, naamshwa saa tatu. Kuna miezi mitatu sikulipwa. Nyumba ya pili, sitaki kudanganya, ilikuwa ya ajuza mmoja mpole, tulikuwa tunakula sinia moja, na nilipoondoka alilia. Kwa hiyo hata nikisema "kule ni mateso" nitakuwa nimesema nusu.

Mimi mwenyewe nani alinipeleka? Shangazi yangu alikwenda Jeddah miaka ya tisini. Alirudi na mablanketi mazito ya simba na bangili sita, na mtaa mzima tulikwenda kumwangalia. Nilikuwa msichana mdogo. Nililala nje ya blanketi lile kwa kuogopa kulichafua. Miaka ishirini baadaye nilipomwambia nami naenda, alinitazama sana, kisha akasema neno moja tu: "Utazoea." Basi. Nami sasa nimekaa kimya vilevile, na mwanangu ameketi mkekani na kalamu.

Nikimwambia asiende, ataniangalia, halafu ataangalia bati. Nimwambie nini? Na ninyi mlio na vijana majumbani, nao wanaona njia moja tu?

Msafiri Kafiri

Muombee dua tu dada, riziki iko popote. Kwani hapa nyumbani kuna nini?

Fundi wa Linta

Dada, pole na hongera kwa pamoja, maana nyumba si mchezo.

Mimi ni fundi wa ujenzi, Ukunda hadi Msambweni, miaka kumi na tisa. Nusu ya nyumba nilizojenga mwenyewe hayuko. Napokea maagizo kwa sauti za WhatsApp, na nyingi huja usiku wa manane. Na nikwambie kitu: fundi huijua hali ya aliye kule kabla ya familia yake. Msingi huenda haraka, maana hiyo ni miezi ya kwanza, moyo una moto. Ukuta unapanda. Halafu ukifika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kazi inasimama. Unaona nyumba imekaa mwaka mzima na nondo zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeamshwa. Watu wanapita wanasema "anajenga huyo". Mimi najua hapo amebadilishwa nyumba, au hajalipwa, au mdogo wake amefukuzwa shule na pesa imegeuzwa njia.

Sasa vijana wangu wa kazi. Nimefundisha vijana saba mpaka wakaweza kusimamisha kona peke yao. Wanne wako Qatar, wengi walikwenda kuelekea Kombe la Dunia la 2022, wakabaki kama walinzi. Nilikaa na mmoja kabla hajaondoka, tukapiga hesabu kama ya binti yako. Kima cha chini cha Qatar tangu 2021 ni riyali 1,000, na malazi na chakula juu ya mwajiri. Hiyo ni kama 35,000 za kwetu. Fundi aliyekomaa huku hupata 1,500 kwa siku, na akipata siku 24 za kazi ni 36,000. Nikamwambia, "Si unaona?" Akanijibu: "Mzee, hapa inakuja ikiwa vipande."

Sikuwa na jibu. Anasema kweli. Pesa ya hapa inaingia mchana, jioni mama anaumwa, kesho harusi ya binamu, keshokutwa mvua, hakuna kazi. Huwezi kumwambia binamu yako huna, kakuona umeshika mwiko. Kule pesa haina jamaa wa kuigongea mlango. Kijana anataka mahali ambapo pesa yake itakaa bila kuombwa mpaka ikusanyike. Tukipata namna ya kijana kukusanya akiwa hapa hapa, nadhani wengi wao wasingekwenda. Chama changu cha mafundi tulijaribu kuwekeana, kikavunjika kwa msiba wa tatu.

Halafu, dada, samahani kwa kuuliza: ile nyumba yako ilisimama wapi?

Mama Mbaazi

Fundi umenitoboa. Ilisimama kwenye linta, miezi saba. Ndiyo ile miezi mitatu niliyonyimwa, halafu minne ya kulipa madeni ya ile mitatu. Nyumbani niliwaambia saruji imepanda bei.

Mzaliwa wa Ng'ambo

Asalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Unguja. Mie nimezaliwa mtaa wa Ng'ambo, na umri wangu wote nimeishi na watu wanaotaka kwenda ng'ambo, kwa hiyo hili swali ni letu pia.

Kwetu hadithi ni kongwe kidogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 waliondoka wengi, na mwaka 1970 Sultani Qaboos aliposhika utawala kule Oman akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Hapo mtaani kwetu pakagawika. Aliyekuwa na babu wa Kimanga alitafuta karatasi, akapata njia. Asiyekuwa naye alibaki kuagana. Mpaka leo ukiingia soko la Mutrah, Muscat, unaweza kununua udi kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Baba yangu alikuwa hodari wa useremala kuliko jirani yetu, lakini jirani ndiye aliyekuwa na babu. Wanawe wakaja likizo na baiskeli zenye gia. Sisi tukajifunza mapema sana kuwa ufundi wa mtu na bahati ya nasaba ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba cha pili ndicho kinacholeta baiskeli.

Hayo yalipanda mbegu nyengine kwa wavulana, na ndiyo ninayotaka kukwambia dadangu, maana wengi huzungumzia wanaokwenda. Mie nakuzungumzia wasiokwenda. Pale maskani kwetu, kijiweni, kuna vijana sita, mkubwa ana miaka 31. Ukimwuliza mmojawapo unafanya nini, anakwambia, "Mie wa safari." Shemeji yake yuko Dubai, atatuma viza. Ameambiwa hivyo tangu 2019. Basi hakodi fremu ya duka, kwa sababu ni wa safari. Hasomei umeme, ni wa safari. Haposi, kwa sababu akishafika kule ataposa kwa heshima zaidi. Yumo Unguja kama abiria aliyekaa bandarini na begi, na boti lake halimo kwenye ratiba. Binti yako angalau ana daftari na hesabu. Ogopa zaidi kijana anayengoja.

Aliponishinda mwanangu wa kiume na hiyo "safari" yake, nilimwambia: sawa, wewe ni wa safari, basi jifunze kitu ambacho kule wanakinunua ghali na huku pia kinaliwa. Akachagua ufundi wa vipoza hewa. Sijui kama atasafiri. Kwa sasa anatengeneza vya mahoteli ya Nungwi na hana muda wa maskani.

Kidege wa Mazeras

Shikamoo mama. Mimi nina miaka 20, naweza kuwa huyo binti yako, kwa hiyo naomba nisikilizwe bila kupigwa makonzi.

Nafanya kazi kwa wakala wa M-Pesa. Mwisho wa mwezi najua nani ana mtoto wapi. Kuna mzee mmoja, zamani alikuwa hata salamu hajibu wasichana, sasa huja tarehe 3 na fimbo yake, amevaa kanzu safi, anaketi kwenye benchi kunisubiri nifungue. Pesa inatoka kwa binti yake wa tatu, yule ambaye alimtoa shule ili kaka aendelee.

Mama, mnadhani tunataka pesa. Tunataka, ndiyo. Lakini nikwambie nilichokiona kwetu. Dada yangu alipokuwa hapa, kwenye vikao vya nyumbani kazi yake ilikuwa kuleta chai na kuondoa vikombe. Alikwenda Dammam miaka minne. Aliporudi, kulikuwa na kikao cha mahari ya binamu yetu, na mjomba akasema, "Tumngoje afike." Wanaume wazima kumi na wawili walikaa wakamngoja msichana wa miaka 26! Mimi ndiye niliyekuwa nimebeba vikombe siku hiyo. Nilisimama mlangoni na ile trei, nikajua ninachokitaka.

Sasa wewe ukimwambia binti yako habari za kulala chumba cha kufulia, atakuonea huruma, lakini hutakuwa umemjibu. Sisi video za dada zetu wanaolia tushaziona zote. Tunazitazama usiku, tunalia nao, asubuhi tunauliza ajenti gani ana nafasi. Kila mmoja anajiona ndiye atakayempata madam mzuri, kama wewe na yule ajuza wako. Hofu haitusimamishi kwa sababu hata hapa tunaishi nayo.

Mimi sijaenda. Sijui kama nitaenda. Siku yule mzee wa kanzu akianza kuniuliza mimi maoni yangu, labda nitabaki.

Msafiri Kafiri

Haya, hata sisi tulioandika mstari mmoja tunajifunza. Ila serikali yenyewe inahimiza watu waende, kuna huu mpango wa Kazi Majuu. Benki Kuu ilisema 2024 pesa zilizotumwa nyumbani zilikaribia dola bilioni 5. Mtoto akisikia hivyo mtamzuiaje?

Mzaliwa wa Ng'ambo

Lakini tazama hizo bilioni zimetoka wapi, ndugu yangu. Kwa hesabu ya Benki Kuu yenu hiyohiyo, zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Huko wako wauguzi, madereva wa malori, watu wa kompyuta, wenye karatasi za kuishi na uhuru wa kubadilisha kazi. Mtoto wa Likoni anasikia "pesa za majuu" kama neno moja, kisha anaonyeshwa mlango mmoja, ule wa jikoni kwa mtu. Na kwa kuwa mama huyu kataja uuguzi: Kenya na Uingereza zilitiliana saini mwaka 2021 kuhusu wauguzi kwenda kufanya kazi kule. Pengine binti hajaambiwa kuwa ile C ya Msambweni nayo ina safari ndani yake, ila ndefu zaidi na yenye hadhi.

Niko Huku

Nawasoma nikiwa Riyadh. Saa hizi wamelala, nina kama nusu saa.

Shoga, mimi niko mkataba wa tatu. Silii, na sitaki nililiwe. Mshahara wangu sasa ni 1,300 kwa kuwa nimezoea kazi na naelewa Kiarabu. Nina chumba changu, kina mlango na ufunguo uko kwangu. Hiyo nayo uiandike, mtoto ajue ipo. Lakini ajue nilipita wapi. Mkataba wa kwanza nilikuwa nakaribia kuwa kemboi. (Wasiojua: kemboi ni yule aliyetoroka kwa bosi akawa anafanya kazi za siku kwa siku, jina limetoka kwa mwanariadha wetu Ezekiel Kemboi, bingwa wa kuruka viunzi na maji. Wasichana walipokuwa wanakimbia, wakajiita hivyo wenyewe. Wakenya tutacheka hata kaburini.) Kemboi anaweza kupata pesa nyingi kuliko mimi mwezi mzuri, lakini hana iqama (kibali cha kuishi), akiugua hana hospitali ya kwenda kwa ujasiri, na siku ya kurudi nyumbani inabidi aanze kwa kujisalimisha. Yale mabadiliko ya 2021, ya mfanyakazi kuruhusiwa kubadilisha mwajiri bila ridhaa ya wa kwanza, sisi wa majumbani yalituacha nje. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi na kazi, mueleze hivyo hivyo.

Kama atakwenda, na umri ukifika, basi aende kama mtu. Ajenti awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, aiangalie mwenyewe, asisomewe. Mafunzo ya kazi za nyumbani ayafanye kweli mpaka apate cheti cha NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), asinunue, maana kule hakuna atakayemfundisha mashine ya vyombo, atafokewa tu. Mkataba upite Musaned (mfumo wa serikali ya huku wa kuajiri wa majumbani), nakala abaki nayo kwenye simu, nyingine kwako, nyingine kwa mtu asiye ndugu. Tikiti na viza ya kazi ya nyumbani ni juu ya mwajiri. Atakayemwambia auze mbuzi wa bibi alipie tikiti, amkimbie hapo hapo, asingoje kukimbilia huku.

Na akupe neno la siri, neno la kawaida tu kama "nazi", akilitaja kwenye simu ujue mambo si mazuri hata kama anacheka. Mimi na mamangu letu lilikuwa "kaniki".

Lakini kuna jambo mimi nashindwa nalo, na labda ndilo umuulize binti. Mara ya kwanza nilikuja kujenga kwa mama. Nikajenga. Mara ya pili nilikuja kununua kiwanja changu. Nikanunua. Mara ya tatu... shoga, nimekuja kwa sababu nilipokuwa nyumbani miezi minne, watoto wa dada walikuwa wananiita "anti" wakisimama mbali, na kila mtu ananiuliza unarudi lini. Hakuna aliyeniuliza utafanya nini hapa. Nilitaka kufungua kibanda cha nguo soko la Kongowea, kaka yangu akacheka: "Wewe wa riyali utakaa na mitumba?" Nikaona haya. Nikarudi. Kwa hiyo muulize binti yako, siku akirudi, anataka kurudi kufanya nini. Hilo mimi sikuulizwa na mtu yeyote.

Naishia hapa, mtoto ameamka.

Fundi wa Linta

Kaka yako huyo mwambie mitumba ya Kongowea imesomesha madaktari.

Mama Mbaazi

Nimerudi. Zimepita siku tisa. Nilizisoma zote, nyingine mara mbili, ya Kidege nilimsomea mamangu na akanyamaza muda mrefu.

Jana baada ya chakula nilimwita binti sebuleni. Nikaitungua ile picha ya gari, nikaiweka mezani kati yetu. Nikamwambia yale makaa. Nikamwambia chumba cha kufulia, nikamwambia ile miezi mitatu. Nilikuwa nimejiandaa alie. Hakulia.

Akaniambia: "Chumba cha kufulia sikukijua. Lakini nilijua ulikuwa unapiga simu chooni."

Nikamuuliza ulijuaje. Akasema sauti yangu ilikuwa inavuma, na kila mara kulikuwa na maji yanamwagika nyuma. Ni kweli. Nilikuwa nafungua bomba ili madam asisikie kuwa nina simu, maana niliruhusiwa Ijumaa tu. "Bibi aliniuliza ni nini hicho," akasema, "nikamwambia Saudia kunanyesha."

Alikuwa na miaka kumi na moja. Ameibeba hiyo mvua peke yake miaka sita, na mimi nadhani namficha.

Nilishindwa kusema kitu kwa muda. Mamangu akainuka akaenda kuwasha taa ambayo ilikuwa tayari imewaka.

Halafu nikamuuliza swali la Niko Huku: ukirudi, unataka kurudi kufanya nini? Akafungua mdomo haraka kama aliye na jibu, akaufunga. Akasema atanijibu. Mpaka asubuhi hii hajanijibu, na sijamkumbusha. Habari za wauguzi na Uingereza nimempa, akasema mwalimu wao hajawahi kuzitaja, ila akaniuliza masomo gani yanahitajika, kisha akakumbuka kwamba amekasirika nami akaondoka.

Bado anataka kwenda. Sitaki mtu humu adhani nimeshinda. Pasipoti sijalipa, na kitambulisho chenyewe hawezi kukichukua mpaka mwakani.

Ila usiku nilimkuta na lile daftari la Kemia. Aliniuliza kama zile riyali za miezi mitatu niliwahi kulipwa. Nikamwambia hapana. Akaandika chini ya ile 21,600 alama ya kutoa, halafu 2,700. Akauliza vocha ya simu nilikuwa nanunua ya kiasi gani kwa mwezi. Nikamwambia. Akauliza nilipoumwa jino. Nikamwambia hilo pia. Nilipokwenda kulala bado alikuwa ananiuliza kupitia ukutani.

Fundi, ukipita Ng'ombeni naomba uje unitazamie ule ukuta wa jikoni, ulioanzia kwenye linta kwenda juu. Umefanya ufa, na nadhani nyote mnajua ni wa mwezi gani.